Kurasa Nne za Makaa

Kling, kling, kling. Kijiko kinazunguka taratibu ndani ya kikombe kisicho na sukari. Ndiyo sauti inayonijia kila nikimkumbuka Freda Nuttall. Sukari aliiacha daktari alipomkataza, lakini mkono wake haukukubali kuacha. Tulipokutana kikundi cha kusoma, Jumanne ya kwanza ya mwezi, katika chumba cha nyuma cha maktaba yetu, na kijiko cha Freda kikaanza kuzunguka, nilijua kuna neno limemkwama kooni. Mara nyingi lilirudi lilikotoka. Alikunywa chai yake, akachukua biskuti ya tangawizi, akasema kitabu kilikuwa kizuri kiasi.

Aliishi jirani yangu, ukuta kwa ukuta, katika nyumba za mawe zinazopanda kilima cha Waterfoot kama ngazi. Alizaliwa papo hapo, katika bonde la Rossendale, kaskazini mwa Uingereza. Ukimwuliza kama aliwahi kutamani kuhama, alikuambia aliwahi kukaa Blackpool, mji wa pwani, wiki nzima, akaona inatosha.

Akiwa msichana wa miaka kumi na mitano aliingia kiwanda cha sapatu, zile za manyoya zinazovaliwa ndani ya nyumba wakati wa baridi. Kazi yake ilikuwa kushona soli. Enzi hizo bonde zima lilikuwa linashona sapatu, na ukipita barabarani ulisikia cherehani zikinguruma kama mvua ya mbali. Wakati wa chakula wanawake wenzake walikaa pamoja wakisengenya wasimamizi. Freda alisimama dirishani na kitabu cha kuazima, mkate mkononi. Wakampa jina la Profesa.

“Haya, Profesa, leo kafa nani?”

“Hajafa mtu.”

“Kaolewa nani?”

“Hajaolewa mtu.”

“Sasa humo wanafanya nini, jamani?”

“Wanafikiri,” alijibu Freda, na chumba kizima kikaangua kicheko. Alinisimulia hayo mara nyingi, na kila mara alicheka nao, miaka hamsini baadaye.

Vitabu alivyovipenda vilikuwa hivyo. Riwaya za Kiingereza zenye watu wawili, nyumba moja na mvua, ambamo mtu anamaliza sura nzima akitaka kusema jambo na mwishowe anauliza kama mlango umefungwa. Wengine huzisoma wakipiga miayo. Freda alizisoma kama mtu anayepokea habari za nyumbani.

Mumewe, Stanley, alikuwa dereva wa basi na mfugaji wa njiwa wa mashindano. Yeye hakusoma chochote ila gazeti la njiwa. Lakini kila jioni, akiketi mezani na kuvuta sahani yake, aliuliza swali moja: “Haya, wamefika wapi wale?” Wale walikuwa watu wa kitabuni. Freda alimweleza walipofika, Stanley akitafuna, akitikisa kichwa, mara nyingine akisema, “Huyo mwanamume mjinga. Si amwambie tu!” Kisha akaosha sahani yake na kwenda kwa njiwa.

Nadhani hiyo ndiyo ndoa yao yote, kwa ufupi. Stanley alipofariki, vitabu havikukoma, ila hakukuwa tena na mtu wa kuuliza wamefika wapi. Ndipo nilipomshika mkono nikampeleka kwenye kikundi.

Tulikuwa wachache. Desmond Pickup, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, aliyekata tahakiki zote za magazeti ya Jumapili na kuja nazo zimepangwa ndani ya bahasha. Glenys Holt, aliyekuwa na duka la sufu, mwenye mdomo mkali na moyo laini, ambaye wahakiki wa London aliwaita “wale mabwana wasiopika.” Freda, mimi, na mmoja wawili waliokuja na kupotea. Desmond alisoma tahakiki kwanza, kitabu baadaye. Glenys hakusoma tahakiki kabisa. Freda alizisoma mwisho, akishamaliza kitabu, kama mtu anayesikiliza umbea juu ya jirani anayemjua vizuri. “Huyu hajakisoma,” alisema. “Amekipenda kwa mbali.”

Kila mmoja alikuwa na zamu ya kuchagua kitabu, maktaba ikatuazima nakala, nami nikazihesabu zikirudi; na zamu hiyo ina adabu yake, ambayo nilichelewa kuijua. Mwenye zamu hakisifu kitabu chake. Akikisifu, amejisifu yeye. Mara yangu ya kwanza nilisimama nikasema kitabu hiki nakipenda sana, kimeniliza. Kimya kilichofuata kilikuwa kama nimevua nguo mezani. Glenys akanisogezea sahani ya biskuti.

“Kula, kipenzi,” akasema. “Yatapita.”

Kinachotakiwa ni kuomba radhi. Unasema samahani, ni kijitabu tu, huenda hamtakipenda. Na wenzako wanajua kuipima radhi yako. Ikiwa ndogo, wameelewa kitabu umekipenda, nao watakitendea kwa upole. Ikizidi, wameelewa kimekuchosha kweli, unajuta kuwabebesha, na wema ni kukusaidia kukizika.

Zamu ya Freda ilikaribia mwezi wa pili, mwaka ambao macho yake yalianza kumwacha. Ulikuwa ule ugonjwa unaokula katikati ya jicho na kuacha pembeni.

“Nikilitazama neno, linakimbia,” aliniambia jikoni kwake. “La pembeni yake nalipata. Nikimtafuta mtu usoni, namwona masikio. Inabidi niibie, kama mtoto anayechungulia.”

Mezani palikuwa na kitabu chembamba chenye jalada la kijivu. Nilikijua. Mwezi ule kilikuwa kinazungumzwa magazetini. Ni hadithi ya mume na mke wanaotunza stesheni ndogo ya reli ambayo serikali imeamua kuifunga. Treni inapita asubuhi na jioni. Siku moja wanakosana juu ya jambo dogo, mume anachukua ndoo na kutoka kwenda kuchota makaa ya mawe. Ndoo inajaa. Harudi ndani. Anasimama kando ya lundo la makaa, mvua ikimnyeshea, na mke anamwona kutoka ndani, mikono yake imelowa maji ya vyombo, asimwite. Kurasa nne. Kisha mume anaingia, anawasha moto, wanakunywa chai, na reli inafungwa.

“Hiki ndicho cha mwisho nilichokisoma kwa macho yangu mwenyewe,” alisema Freda. “Nitakichagua. Nataka kusikia watu wanasemaje pale kwenye makaa. Basi. Yule mume, alitaka aitwe, au alitaka aachwe?”

Nikafungua mdomo. Akaniinulia kiganja.

“Wewe usiniambie. Ulimjua Stanley, utasema kwa kunihurumia.”

Halafu akanieleza, akiwa amenipa mgongo, akisuuza kikombe kilichokwisha kusuuzwa. Magoti ya Stanley yalikuwa yameharibika, naye Freda akamwambia wakati umefika wa kuuza njiwa. Stanley akainuka. Alitoka nyuma, akafika kwenye kibanda cha njiwa, akaweka mkono kwenye komeo, akasimama vivyo hivyo, hafungui. Mvua ilikuwa ya bonde letu, ile isiyo na haraka.

“Nilikuwa na sahani mkononi. Nikasema, nikimwita, nimeshindwa. Nikasema tena, nisipomwita, ataona simjali. Nikabaki na sahani.”

“Halafu?”

“Halafu akaingia. Akaketi. Akaniuliza wamefika wapi wale. Nikamwambia.” Alifunga bomba. “Hatukulisema tena. Njiwa hakuwauza, na mimi sikumwuliza. Akafa kwa ugonjwa wa mapafu, majira ya baridi ya mwaka wa pili. Hakikutokea kitu, unaona. Hata cha kusimulia hakuna.”

Basi nilijua anakwenda kutafuta nini kwenye mkutano ule. Hakwenda kutetea kitabu. Alikwenda kuuliza habari za mumewe kwa watu ambao wasingejua wameulizwa.

Siku ilipofika, alivaa koti lake la bluu na akaoka keki bapa ya zabibu, ile tunayoila bonde letu na siagi. Nikamwona anaikata vipande visivyolingana. Na kwa sababu alikuwa na hofu, aliomba radhi kupita kiasi.

“Samahanini, jamani,” alianza. “Samahanini sana. Sijui nilikuwa na akili gani. Ni kijitabu tu, hakina kitu ndani. Nilikiokota duka la hisani, kwenye mitumba, mvua ilikuwa inanyesha. Kama hamkumaliza, sitawalaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe nilishangaa nimemaliza.”

Nikamwona Glenys na Desmond wakitazamana, kisha wakimtazama Freda kwa huruma. Maskini, walisema macho yao, kimemchosha kweli. Wakaja kumwokoa.

“Usijilaumu, kipenzi,” alisema Glenys. “Jalada lilidanganya. Mimi nilifika katikati, nikamwambia mume wangu, treni ya kwanza haijapita bado na miguu yangu imekufa ganzi.”

“Kweli,” alisema Freda, akicheka. “Kweli kabisa.”

“Yule mke! Anakunja kitambaa cha meza kwa sura nzima. Mimi ningekuwa nimeshakunja vya harusi mbili na matanga.”

“Wahakiki wenyewe wamegawanyika,” alisema Desmond, akifungua bahasha yake. “Huyu anakiita almasi ndogo. Lakini huyu, sikilizeni, anasema mhusika mkuu wa riwaya hii ni birika.”

“Heh! Leo na mimi nakubaliana na bwana asiyepika,” alisema Glenys. “Birika angalau lilichemka.”

Freda alicheka kuliko wote. Kila walipokitupia jiwe aliwaunga mkono, kwa kuwa kuwapinga kungekuwa utovu wa adabu, na kila alipowaunga mkono walitafuta jiwe kubwa zaidi, wapate kumfariji. Niliitazama ile keki ikiliwa. Nilitaka kusema, acheni, hamwoni? Lakini ningesema nini bila kumvua nguo mbele ya watu?

Kijiko kikaanza kuzunguka kikombeni. Nikasubiri.

“Na pale,” Freda akasema, “pale kwenye makaa…”

“Ah, makaa!” Desmond akapiga goti lake. “Kurasa nne za makaa! Nimefundisha jiografia miaka yote, nimefundisha migodi ya Wales na ya Durham, sijawahi kukaa na makaa muda huo.”

Chumba kikacheka. Kijiko kikasimama.

“Ndiyo,” alisema Freda. “Ni mengi, kweli.”

Tukafika kwenye alama. Tunatoa alama kati ya kumi, mwenye zamu mwisho. Glenys alitoa mbili, “na moja ni ya jalada.” Desmond nne. Mimi nikatoa tisa, na wote wakanitazama kwa upole wanaomtazama nao mgeni, ingawa nina miaka thelathini bondeni.

“Zuhura naye,” alisema Glenys. “Huyu angeipa tisa hata ratiba ya basi.”

“Na wewe, Freda?”

Akaipangusa midomo yake kwa kitambaa.

“Tatu,” alisema. “Na hapo nimekuwa mkarimu.”

Tukaosha vikombe, tukazungumzia kitabu cha mwezi ujao. Mume wa Glenys alikuja na gari akamchukua. Sisi watatu, Freda, Desmond na mimi, tukaenda kusubiri basi la kupanda kilima. Mvua ilikuwa nyembamba, kibanda cha kituo kilikuwa kinavuja upande mmoja, tukajibana upande wa pili. Freda alinishika mkono. Alikuwa amekwenda na swali lake na alikuwa anarudi nalo, na njiani alikuwa amekitukana kitabu kilicholibeba.

Desmond alitoa leso mfukoni. Na leso ikatoka na kitabu, chembamba, cha kijivu, kikaanguka karibu na kiatu cha Freda. Akainama haraka kukiokota, lakini Freda alishageuza uso upande, jinsi anavyofanya akitaka kuona.

“Vya maktaba tumevirudisha vyote,” alisema. “Zuhura amevihesabu.”

“Ndiyo.”

“Basi hicho cha nani?”

Desmond akakipangusa jalada kwa leso. Alikuwa mtu mrefu, na aibu ilimfupisha.

“Changu. Nimenunua.”

“Umenunua? Kitabu ulichokipa nne?”

“Freda, ningefanyaje?” Sauti ilimpanda. “Umeingia pale unakitukana utadhani kimekuibia pochi. Zamu ni yako. Nikuambie mbele ya watu kwamba nimekisoma mara mbili?”

“Na lile birika?”

“Nilitafuta gazeti zima hadi nikapata kitu cha kukufurahisha!”

Freda alimtazama, yaani alilitazama sikio lake la kushoto.

“Na Glenys?” aliuliza pole pole.

“Glenys alinipigia simu Alhamisi analia. Mumewe alidhani kuna msiba.”

“Glenys aliyetoa mbili?”

“Alikuonea huruma.”

Ndipo Freda akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha maktaba. Hiki kilianzia tumboni, kikamkunja, hata ikabidi nimshike kiuno, na Desmond naye akaanza, na mimi. Tukacheka pale kituoni kama watoto waliofukuzwa kanisani. “Mijitu mizima!” alisema Freda, akijifuta macho. “Mijitu mizima, Desmond! Tumekaa pale tunakizika na hakuna aliyetaka kife!”

Kicheko kikaisha chenyewe. Gari likapita, likaturushia maji ya barabarani. Nilihisi vidole vyake vikikaza mkono wangu.

“Desmond,” alisema. “Pale kwenye makaa. Wewe ulionaje? Yule mume, alitaka aitwe?”

Desmond akakirudisha kitabu mfukoni. Bahasha ya tahakiki ilikuwa chini ya kwapa lake, hakuigusa. Sote tulijua kwamba mkewe, Pauline, alihamia Hispania na fundi wa mabwawa ya kuogelea, na sote tulikuwa tumekubaliana kutojua.

“Kabla Pauline hajaondoka,” alisema, “nilikuwa na tabia hiyo. Tukikosana kidogo natoka bustanini. Nashika koleo. Sina cha kulima, mwezi wa kumi na mbili, ardhi imeganda kama jiwe. Nasimama tu.”

“Ukitaka akuite.”

“Hapana. Angeniita ningemjibu hovyo, najijua. Ningesema nina kazi.” Alifikiri. “Wala sikutaka kuachwa. Ule mgongo wa yule bwana wa stesheni, nilipousoma nikasema, huyu mwandishi ameujua mgongo wangu. Hakuwa anangoja jina lake. Alitaka tu ajue kuna mtu anamtazama. Ukitazamwa unaweza kurudi ndani. Unarudi mwenyewe, unasema chai iko wapi, na imekwisha.”

“Bila kuambiwa kitu.”

“Bila kuambiwa kitu. Mgongo unajua.”

“Na wewe ulijua?”

“Mimi niligeuka,” alisema Desmond, na akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. “Alikuwa anatazama televisheni.”

Freda aliunyosha mkono wake akaupapasa mkono wa koti la Desmond, mara moja, kama mtu anayeondoa uzi. Kwetu hilo ni jambo kubwa. Desmond akakohoa akatazama barabara.

Basi likaonekana likikata kona ya kanisa, taa zimewaka katika mvua. Desmond akatangulia kupanda, akaanza kutafuta mifukoni kadi yake ya wazee ya kupandia basi, dereva akamtania kwamba ana mifuko mingi kuliko manyoya ya kondoo. Nilimvuta Freda tupande. Hakusogea. Alikuwa ameugeuza uso kando, macho yamekaza pale ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta na mvua, na shingo yake, iliyokuwa imejikunja tangu maktaba, ilikuwa imenyooka. Midomo ilitikisika. Injini ilikuwa inanguruma, nikainamisha sikio hadi karibu na kofia yake, na hata hivyo nilikaribia kuyakosa maneno, maana hakuwa ananiambia mimi.

“Nilikuwa nakutazama,” alisema.